Shukrani ya "wote mliotusaidia" hainitoshi

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti la Jumapili halinipiti, nikimaliza linaenda kwa jirani alafu linarudi kwangu kufungia vitumbua. Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa afya wa wiki iliyopita mlipoongelea yoga. Mgongo mmeuelezea vizuri, kupumua mmekuelezea, mkaweka na picha ya yule dada kajikunja mpaka sijui kichwa kiko wapi, alafu mwisho kabisa mkachomeka kisentensi kimoja eti malizia zoezi lako kwa kushukuru. Basi, nukta. Ushukuru nini, umshukuru nani, unashukuruje, hamkusema. Sasa mi hapo hapo ndo nilipokwama karibu miaka miwili, kwahiyo naomba nafasi.

Yoga nilianza 2022 kwa ajili ya mgongo tu, sikuwa natafuta amani ya moyo wala nini. Kazi yangu ni mahesabu, unakaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni alafu unapanda daladala la Tandika unasimama umepinda shingo saa nzima. Daktari aliponiambia nijaribu yoga nilicheka, nikamwambia dokta mimi nina watoto watatu, hayo ya kuweka mguu shingoni waachie wasichana. Akaniambia hata madaktari wa Marekani, chama chao kile American College of Physicians, tangu 2017 wanaitaja yoga kwenye vitu vya kuanza navyo kabla hujakimbilia vidonge kama mgongo umekuuma muda mrefu. Nikaenda. Ukumbi uko Upanga, Jumapili saa moja asubuhi, mkeka unaazima pale pale, na mwalimu ni mama wa Kihindi mzaliwa wa hapa hapa Dar, Kiswahili chake cha Kariakoo tupu, ukichelewa anakuuliza mbele za watu, "mama, hiyo foleni ya Jumapili asubuhi umeitoa wapi?"

Na kabla sijaletewa maneno, mimi ni Muislamu, na hilo swali nilimuuliza siku ya kwanza kabla hata sijavua viatu. Akanijibu kwamba mikono nikitaka niikutanishe kifuani, nisipotaka niiweke magotini, mgongo wangu haujui dini. Nikaridhika na jibu hilo. Kuna mkao mmoja unapiga magoti unainama mpaka paji la uso linagusa mkeka, wanauita wa mtoto, mimi huwa nikiwa pale namkumbuka Mola wangu na hakuna aliyewahi kunikataza.

Sasa siku moja tuko katikati ya zoezi, miguu inatetemeka, jasho linadondoka kwenye mkeka wa watu, mwalimu akasema taratibu, "santosha". Mi nikasikia "inatosha". Nikashuka zangu, nikajifuta uso, nikaanza kukunja mkeka. Nainua kichwa darasa zima bado limesimama kwa mguu mmoja linaniangalia. Walicheka mpaka yule mzee wa pale mbele akaanguka. Baadae ndo mwalimu akatueleza kwamba santosha ni neno la Kisanskriti, maana yake kuridhika na ulichonacho, na kwamba huyo Patanjali, mtaalam wa zamani wa India aliyeipanga yoga katika ngazi nane, mambo ya mikao ya mwili kayaweka ngazi ya tatu huko, kabla yake kuna namna ya kuishi na wenzako alafu namna ya kujilea wewe mwenyewe, na kwenye kujilea kuna mambo matano, la kwanza usafi, la pili ndo hilo santosha. Kumbe sisi tulirukia ngazi ya tatu mbio mbio tukazikanyaga mbili za kwanza. Kufanana na "tosha" yetu ni bahati tu, lugha hizi hazina undugu hata wa kuchanjia, ila mimi toka siku ile siwezi kulisikia hilo neno bila kusikia kwetu ndani yake.

Lakini kuridhika ni kitu kimoja na kushukuru ni kitu kingine, na hapa ndo ukurasa wenu uliponikera kidogo. Kuridhika unaweza ukaridhika peke yako chumbani mlango umeufunga. Shukrani lazima iwe na mwenyewe wa kuipokea.

Mwisho wa darasa tunalala chali, mikono imelegea, macho yamefungwa. Mkao wenyewe jina lake ni wa maiti, msishtuke. Mwalimu anatuambia tuvute pumzi kidogo na kuitoa iwe ndefu kuliko tulivyoivuta, moyo unapunguza mbio, mwili unazama kwenye sakafu, alafu anasema tafuta kitu cha kushukuru. Na mimi kila Jumapili nilikuwa na orodha ile ile. Uhai, afya, watoto, kazi. Uhai, afya, watoto, kazi. Miezi na miezi, kama konda anavyotaja vituo, Tazara Buguruni Ilala, mdomo unasema na akili iko kwenye mchicha niliouacha kwenye sinki. Tena nikajigundua kwamba hata nikimaliza swala ni hivyo hivyo, alhamdulillah mara 33 nazimaliza kabla vidole havijakaa sawa. Na kwenye salamu ndo usiseme. Habari za nyumbani? Tunamshukuru Mungu. Nyumba imekatiwa umeme, mtoto karudishwa nyumbani kwa ada, gesi imeisha, tunamshukuru Mungu. Sisemi ni vibaya, ni adabu yetu na naipenda, mtu hawezi kukumwagia matatizo yake kwenye ngazi. Nasema tu ukilitumia neno kila saa kwa kila kitu linakuwa kama sarafu iliyofutika, inapokelewa ila hakuna anayeangalia picha.

Binti yangu mkubwa anasoma saikolojia chuo, nikamweleza, akanicheka akasema mama hilo limefanyiwa utafiti zamani. Akanitajia wamarekani wawili, Robert Emmons na Michael McCullough, 2003 walichukua wanafunzi wakawagawa, hawa waandike kila wiki mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, hawa waandike kero zao, hawa matukio ya kawaida tu, wiki kumi. Walioandika shukrani walijisikia vizuri zaidi kuhusu maisha yao na hata mazoezi walifanya zaidi kuliko wale wa kero. Sawa. Ila kilichonikaa ni cha mwingine, Sonja Lyubomirsky, yeye aligundua waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki waliongezeka furaha na waliohesabu mara tatu kwa wiki hawakuongezeka kitu. Nikamwambia unaona, orodha inachuja kama chai ya jana. Na ili nisionekane nauza dawa ya Mchina hapa, akanionyesha pia utafiti wa 2020 wa kutoka Ohio State uliojumlisha tafiti 27 ukakuta kwamba kwa mtu mwenye dalili za sonona na wasiwasi mazoezi haya ya shukrani yanasaidia kidogo tu. Kidogo. Kwahiyo mwenye sonona aende hospitali, asije akaambiwa na mtu akanunue daftari la maua.

Kilichonibadilisha ni neno moja. Kuna zoezi la mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzie la mwaka 2005, kila usiku kwa wiki moja unaandika mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo, ila, na hii ila ndo muhimu, unaandika na kwa nini yalikwenda vizuri. Binti akanambia mama usiandike tu kitu, andika na kwa nini.

Nikajaribu. Usiku wa kwanza nikaandika, maji yametoka. Kwetu maji yanatoka kwa mgao, mara saa kumi usiku mara saa nane, ukilala umeumia, ndoo zitakuangalia siku tatu. Kwa nini nilipata maji? Kwa sababu niliamka. Niliamka kwa nini? Kwa sababu dada wa chumba cha uani, yule anayeamka kukaanga maandazi, akisikia bomba linakoroma anapita anagonga madirisha, gonga gonga, "mama maji hayo", alafu anarudi kwenye karai lake. Mwaka wa nne huu ananigongea. Namlalamikia moshi. Nikakaa kitandani na kalamu mkononi nikaona aibu kabisa. Kwenye orodha yangu ya uhai afya watoto kazi huyu dada hakuwahi kuwepo, na ndo anayeniogesha.

Yaani kila kitu nilichokifuata kwa hiyo "kwa nini" kilikuwa kinaishia kwa mtu. Daladala niliwahi kwa nini, konda aliniona nakimbia akagonga bati. Hesabu zilibalansi kwa nini, mlinzi wa usiku aliiona risiti sakafuni akaihifadhi asiizoe. Nikamkumbuka ustadhi wetu wa chuoni Tanga nilipokuwa mdogo, alikuwa anatuimbisha hadithi ya Mtume kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu, tukiimba huku tunapeana ngumi chini ya jamvi. Miaka arobaini nimeijua hiyo hadithi na mkeka wa Upanga ndo umekuja kunifafanulia.

Basi nikamrudia mtu niliyekuwa namkwepa kichwani. Agosti 2022, saa nane usiku, mwanangu mdogo pumu imembana, pampu yake imeisha, baba yao yuko safari Mbeya. Nimembeba mtoto mpaka kijiweni, kuna kijana mmoja tu kalala juu ya bodaboda yake miguu kwenye usukani. Tulipanda mshikaki, mtoto katikati, najua ni kosa, trafiki mnisamehe. Tulipofika hospitali nikajua kaondoka zake. Natoka na mtoto alfajiri adhana inasomwa yule kijana yuko pale nje kajikunyata kwenye koti, nikamuuliza hujaenda, akasema saa hizi mama usafiri ungeutoa wapi. Hela nilimpa kesho yake. Ila neno? Siku ile nilimwambia "haya kaka" nikaingia ndani nikafunga mlango. Nilikuwa nimechoka, lakini kesho yake pia nilikuwa nimechoka? Na mwaka uliofuata?

Kijiweni wakaniambia kahamia Mbagala Rangi Tatu, mwenyekiti wa kijiwe akanipa namba. Nikapiga. Nikajitambulisha, nikasema nataka kukushukuru. Kimya. Alafu akauliza, "Mama, kwani hela ilizidi?" Nikasema hapana. "Kuna msiba?" Hapana baba, nataka kusema asante tu. Akanyamaza tena akasema, "Mama sema tu shida yako, kama ninayo nitakusaidia." Nilicheka ila iliniuma, maana anasema kweli. Kwetu mtu mzima akikupigia kukushukuru jambo la zamani ujue nyuma yake kuna kashida kadogo kanakuja, asante siku hizi imekuwa hodi ya kukopa.

Nikaenda mwenyewe. Huyo Seligman ana zoezi lingine hapo hapo, unaandika barua ya shukrani kwa mtu ambaye hukumshukuru inavyostahili alafu unampelekea kwa mkono wako. Nikaandika karatasi moja. Fikiria sasa, Rangi Tatu Jumamosi mchana, muziki wa tangazo la sabuni unapiga, boda wenzake wamezunguka, mimi mama mzima na miwani nasoma karatasi mbele ya kijana aliyekaa juu ya pikipiki. Mmoja akasema kwa sauti, "oya huyo mama anamfungulia kesi?" Yule kijana alikuwa haniangalii, alikuwa anakwangua stika kwenye tangi la mafuta na ukucha. Nilisoma mistari minne sauti ikakatika, nikamkabidhi karatasi amalizie. Akaikunja akaiweka kwenye kofia ngumu. Alafu akasema, bado anakwangua, "Mi nilikuwa namsikia anavyopumua mgongoni kwangu. Akikaa kimya naongeza mwendo."

Mimi mamake nilikuwa nimemshika mtoto njia nzima na sikulijua hilo. Kuna mtu mwingine barabarani usiku ule alikuwa anahesabu pumzi za mwanangu.

Mgongo wangu haukupona kwa hilo, tusidanganyane, mgongo unaendelea na mazoezi na mto wa kiunoni. Ila toka siku hiyo nikilala chali pale Upanga sina tena kile cha kutaja vituo.

Sasa Mhariri kuna upande wa pili na huu msiuruke kwenye ukurasa wenu. Kampuni moja niliyokuwa nafanya kazi zamani, sitaitaja, walituletea mkufunzi wa mambo ya afya ya akili kazini. Mwezi wa tano, tunadai ovataimu ya tokea mwezi wa pili. Tukapewa vidaftari vizuri vina jalada gumu, tukaambiwa kila mtu aandike vitu vitatu anavyoshukuru kazini alafu tusomeane. Bosi kakaa mbele anatabasamu. Dereva mmoja akasimama akasoma, "Nashukuru kwa ovataimu ya Februari, ikija nitashukuru zaidi." Watu waliziba midomo na vidaftari. Wiki iliyofuata yule dereva akaitwa ofisini kwamba ana mtazamo hasi. Hivi hiyo ni shukrani au ni plasta ya mdomo? "Shukuru hata kazi unayo" sio kushukuru, ni kuambiwa nyamaza kwa lugha ya msikitini na kanisani. Ukimshukuru mtu kwa kitu kwanza lazima akupe. Dada wa maandazi ananipa, boda alinipa, yule bosi alikuwa anashikilia changu. Ndo maana nasema shukrani iwe na mwenyewe na iwe na sababu, ukifuata ile kwa nini kwa uaminifu saa nyingine inakupeleka kwa wa kumshukuru na saa nyingine inakupeleka kwa wa kumdai, yote mawili ni halali, na mwalimu wangu wa yoga nilipomuuliza alisema huko kwenye ngazi ya kwanza kabisa ya Patanjali, kabla hata ya santosha, kuna kutoiba. Nikamwambia mwalimu hilo ungeanza nalo.

Namalizia na gazeti lenu. Kuna yale matangazo yenu ya shukrani baada ya msiba, picha ya marehemu juu, chini familia inashukuru madaktari, wauguzi, viongozi wa dini, majirani, alafu lazima uje ule mstari, "si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina, tunaomba wote mpokee shukrani zetu". Mimi mwenyewe niliusaini tulipomzika mama. Ukweli ni kwamba ilikuwa rahisi. Waliokesha jikoni siku ile walikuwa wanawake kumi na moja, nawajua mpaka kanga walizovaa. Niliona uvivu na nafasi inalipiwa kwa neno.

Ombi langu ni hili, mtupe kona ndogo, hata ya sentimita nne, hata pale chini ya tangazo la mganga, walio hai wawashukuru walio hai, kwa jambo moja, kwa jina. Zamani redioni tulikuwa na kadi za salamu, mtu anatajwa jina na kijiji chake nchi nzima inasikia. Hamtakosa waandishi.

Ya kwanza ningeleta mimi ya yule kijana. Nilimpigia kumwomba ruhusa jana, siku hizi akiona namba yangu anapokea haraka, anaanza yeye kuuliza mtoto anaendeleaje. Jina amekataa. Pikipiki ni ya mkataba na amechelewesha marejesho wiki mbili, juu yake ana mkopo wa kausha damu wa mkewe, akaniambia, "Mama andika tu ni boda wa Rangi Tatu, wale jamaa nao wanasoma magazeti."

Ni mimi msomaji wenu,
Karani wa mahesabu, Tandika, Dar es Salaam